Vidole Vitatu

Jumamosi ni ya walio hai.
Naamka Gyumri ingali giza, theluji imeubana mlango,
betri nimezikumbatia kwapani kama mayai,
maana baridi ya hapa hunyonya umeme
kabla bibi harusi hajamaliza kufungwa vifungo.
Vifungo arobaini na viwili. Nimevihesabu,
sina la kufanya ila kuhesabu
shangazi zake wakigombania pini.

Sisi wa kazi hii hatuli mezani.
Twala wima, jikoni, pamoja na wapiga zumari,
nyama mkono huu, lenzi mkono ule.
Mara kelele: "Wamefika!"
nami natoka mbio kinyumenyume, ngazi naisoma kwa kisigino.
Mpiga picha huingia kila nyumba kwa mgongo.

Mama mkwe anawatandika lavashi mabegani,
mkate mpana, mwembamba kama shuka,
anawalambisha asali kwa kijiko kimoja,
kisha sahani mbili kizingitini, kraa!
Ya bwana harusi nimeinasa ikiwa vigae hewani.
Ya bibi harusi nimeikosa.
Miaka kumi na tisa, bado naikosa.

"Piga," wananiambia, "piga tena!"
Nimepiga mji mzima
na sijamwacha mtu na alama.
Ndivyo nilivyodhani.

Jumanne ni ya studio.
Huja wa pasipoti, kidevu juu, usicheke;
huja mtoto asiyekubali kukaa na nyanya asiyekubali kusimama.
Jumanne hii aliingia Arusyak,
theluji kwenye ukosi, bahasha ndani ya koti.
Yeye sikumkumbuka. Picha niliikumbuka:
Agosti, ukuta wa mawe meusi,
kola ya Mkrtich imepinda, nikamwambia ainyooshe,
akakataa, akacheka.

"Nikatie huyu," akasema,
kidole juu ya mumewe kama anayechagua samaki.
"Mchonga mawe anataka uso peke yake.
Macho wazi. Harusi isionekane."

Kwetu marehemu huchorwa juu ya jiwe jeusi,
nukta kwa nukta, kwa sindano ya chuma,
mpaka akutazame wewe uliyechelewa kuja.

Nikaketi. Nikaondoa ukuta. Nikaondoa shada,
shemeji aliyefumba macho, chupa,
nikamwondoa na Arusyak mwenyewe,
shela, shingo, kiwiko.
Dakika kumi zatosha.
Vikabaki vidole vitatu begani kwa Mkrtich,
cha kati, cha pete, cha mwisho,
kucha rangi ya komamanga.
Kuvifuta si kazi: unakopa kitambaa bega la kulia,
unaziba bega la kushoto, basi.
Kipanya kilikuwa tayari mkononi.

"Na hivyo?"
"Navitoa sasa hivi."
Akautazama mkono wake uliokuwa mezani,
umevimba kwa baridi na sabuni,
akaulinganisha na ule.
"Wewe ndiye uliyeniambia niuweke pale.
Mimi niliona haya mbele ya baba yake.
Ukasema: mshike, asije akatoroka."

Huwaambia wote hivyo.
Utani wa kazi tu, kama fundi cherehani
anavyokuambia umenenepa.

"Viache," akasema.
Nikamweleza kuwa mchonga mawe atadai nyongeza,
kwamba watu watauliza mkono wa nani.
"Na waulize."
Pesa nilizikataa. Nilizikuta jioni chini ya kikombe.

Jumamosi tena. Lango, zumari, shangazi wengine.
Bwana harusi kasimama kama nguzo ya simu,
bibi harusi hajui mikono aipeleke wapi,
ananitazama nimwambie.
Utani ukanifika ulimini. Nikaumeza.
Betri inapoa. "Piga basi, tunaganda!"
Mkono ukapanda wenyewe, polepole,
haukufika begani;
ukaishia kwenye kifungo cha koti lake
kilicholegea, ukakichezea.
Nikapiga.